Nzige wa Mama Burashi

Ijumaa saa nne asubuhi Sajini Kipkemei alikuwa amesimama peke yake ndani ya nyumba ya marehemu kule Bahati, akitazamana na picha. Alikuwa akiitazama tangu saa mbili. Miguu ilishaanza kumuuma, na picha, kama zilivyo picha zote duniani, haikuwa na haraka yoyote.

Ilikuwa picha ya mwanamke wa Kizungu, mzee, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha. Blanketi la buluu limemfunika magoti. Kitambaa cheupe kimefungwa kichwani. Macho yamefumbwa. Jua la asubuhi limeingia dirishani na kumlalia miguuni. Chini kabisa, kwenye kona ya kushoto, pale ambapo mchoraji huandika jina lake, kulikuwa na nzige mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba.

Mwanamke huyo alikuwa Memsahib Fenwick. Watu wa Bahati walimwita Mama Burashi, kwa sababu tangu mumewe afe vitani hakufanya kazi nyingine ila kuchora. Ng'ombe waliondoka, pareto ikaota magugu, yeye anachora tu. Hakuwa na mtoto. Wageni hawakumjia, naye hakuwaendea. Jumatano mchana jirani aliyepeleka siagi alimkuta amekufa kwenye kiti kilekile, na blanketi lilelile, na kitambaa kilekile kichwani, na chini ya kitambaa jeraha upande wa kipaji cha uso. Daktari alisema amekufa Jumanne, jua likielekea kuzama.

Mtumishi wake wa nyumbani, kijana Mbukusu anayeitwa Wasike, alikuwa ameshakamatwa saa moja kabla, barabarani, shati lina damu. Sasa yuko korokoroni Nakuru na hasemi kitu.

"Kipkemei," Bwana Hesketh, mkubwa wa upelelezi, alikuwa amemwambia jana yake kwa kile Kiswahili chake cha shambani, "wewe nakwenda Bahati, natazama picha, naandika maana yake. Kesho kutwa saa sita mimi nataka karatasi juu ya meza." Kisha, kwa sababu jambo lilikuwa zito, akarudi kwenye Kiingereza chake na kulieleza vizuri. Memsahib alijichora mwenyewe. Nzige ni waasi wanaokula nchi, ni huyo boyi aliyekuwa akimnyemelea ndani ya nyumba yake. Alichora hofu yake, maskini. Boyi akaiona picha, akaielewa, akamuua, kisha akampanga kitini afanane na picha, kwa kejeli. "Wewe ni Mwafrika. Ukiapa Jumatatu mbele ya hakimu kwamba nzige ni tishio, nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha, hilo Kipkemei alilijua vizuri. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, Hali ya Hatari imepamba moto, na mtu mweusi aliyekamatwa na damu ya mzungu kwenye shati alikuwa na miguu miwili tayari juu ya jukwaa la kitanzi. Kilichobaki ni karatasi moja tu, na karatasi hiyo ilikuwa mfukoni mwa Kipkemei, haijaandikwa.

Sasa, Kipkemei hakuwa msomi wa picha. Alikuwa mtoto wa Keringet, amesoma misheni mpaka darasa la sita, akaingia polisi, na kwa miaka minne amekuwa askari kanzu, yaani yule askari asiyevaa sare. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo wakubwa wake waliichukia na kuitumia: akipewa kitu atazame, alikitazama kweli.

Akasogea tena. Akagusa kona ya picha kwa kidole. Rangi ilikuwa bado inanata. Hiyo haikumwambia mengi, maana rangi za mafuta hukaa siku nyingi kabla ya kukauka. Akapanda juu kwa macho, magoti, mikono, shingo, mpaka kichwani. Akasimama hapo.

Pembeni mwa kile kitambaa cheupe, karibu na sikio, palikuwa na doa. Doa dogo la rangi ya udongo. Mtu angedhani burashi imeteleza.

Kipkemei akafungua mkoba, akatoa bahasha ya vielelezo, akakunjua kitambaa chenyewe, kile alichovuliwa marehemu na daktari. Doa hilo hapo. Mahali palepale, umbo lilelile, lina kamkia kadogo kama kiluwiluwi.

"Ebo!" akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto angeijua. Mtu hawezi kuchora damu yake kabla haijamwagika. Kwa hiyo si mwili uliofananishwa na picha. Ni picha iliyofananishwa na mwili. Na kama alikufa Jumanne jua likizama, na jua lililo pichani ni la asubuhi, basi mtu alikuwa amekaa mbele ya maiti Jumatano asubuhi, burashi mkononi, akiichora bila wasiwasi.

Ukutani palikuwa na picha nyingine zimeegemezwa, kumi na moja, zote za Mama Burashi. Akazigeuza moja moja. Kila moja kwenye kona ya kushoto ilikuwa na nzige. Mkono uleule, burashi ileile. Na ndani ya nyumba hii, mbali na marehemu, alikuwamo Wasike tu.

Kipkemei akafunga vifungo vya koti, na haikuwa kwa sababu ya baridi ya Bahati ya mwezi wa sita. Alikuwa amekuja kutafuta kama kijana yule anaweza kuokolewa, na sasa amepata kitu kibaya kuliko alichokuwa nacho Bwana Hesketh. Kwao, zamani za babu yake, maiti hakukaliwa. Aliyemgusa alikwenda kujitakasa na kukaa mbali na watu siku nyingi, na watoto hawakutajiwa hata jina la marehemu. Mtu wa kukaa na maiti usiku kucha, na kukipambazuka achukue rangi! Huyo ama ni mwenda wazimu, ama ndiye aliyemuua na anafurahia kazi yake.

Akateremka mjini kwa lori la polisi, roho nzito.

*

Wasike alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne hivi, mwembamba, vidole virefu, na chini ya kucha bado kulikuwa na buluu.

"Habari ya hapa?"

"Nzuri, afande."

Ndivyo tulivyo. Kitanzi kinamngoja mtu na habari bado ni nzuri.

Kipkemei akaketi kwenye benchi la upande wa pili, akavua kofia. "Jumanne jioni ulimkuta wapi Memsahib?"

"Chini. Karibu na mahali pa moto. Kichwa kiko kwenye lile jiwe."

"Alikuwa hai?"

"Hapana."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwinua. Nikamwosha uso. Nikamfunga kitambaa, nikamkalisha kitini."

"Kwa nini hukwenda kuita watu?"

"Kafyu, afande. Mimi nikitoka saa hizo wananipiga risasi."

"Haya, kafyu. Lakini kafyu inaisha saa kumi na mbili asubuhi. Wewe umekamatwa saa tano. Hayo masaa yote ulikuwa unafanya nini?"

Kijana akakwangua ile buluu chini ya ukucha.

"Wasike. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naye."

"Ulikuwa naye ukifanya nini?"

Kijana akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Kisha akatazama sakafu, na hapo mazungumzo yakaisha. Kipkemei akauliza juu ya nzige, akauliza nani alichora, akauliza tena kwa ukali na tena kwa upole. Wapi! Ni kama kuuliza ukuta.

Akaenda ofisini, akaanza kuandika. Aliandika mistari sita na yote ilikuwa inamnyonga Wasike. Kwenye mstari wa saba kalamu ikakwama. Barabara aliyokamatiwa. Kipkemei alikuwa ameipita mwenyewe asubuhi bila kufikiri. Haiendi msituni. Haiendi stesheni ya gari moshi. Inakwenda kituo cha polisi cha Bahati, basi, na inaishia hapo. Mtu aliyeua anakimbilia polisi?

Akainuka, akachukua kofia.

*

Dada yake Wasike aliishi kwenye landhi za reli, kile kijiji cha vyumba vya mawe kinachonuka makaa. Namalwa alikuwa nje, mikono imezama mpaka viwikoni kwenye karai, anafua ovaroli ya mumewe, Khisa, aliyekuwa safarini na injini. Wanawake wengine wawili waliokuwa karibu naye walimwona Kipkemei akija, wakakusanya nguo zao na kuondoka bila neno.

Alishazoea. Mkewe Cherono ndiye aliyeshindwa kuzoea. Kila alipokwenda bombani wanawake waliondoka mmoja mmoja, akabaki na ndoo yake, mpaka siku moja akafunga mizigo akarudi Keringet. Miaka miwili sasa. Kipkemei alijipikia, akala, akaosha sahani moja.

"Mimi ni—"

"Askari," akasema Namalwa bila kuinua kichwa. "Umevaa koti la karani lakini viatu vyako vinasema."

Kipkemei akatazama viatu vyake. Ilikuwa kweli.

"Nimekuja juu ya ndugu yako."

"Si mko naye huko? Muulizeni."

"Hasemi."

"Basi amekuwa mtu mzima. Utotoni hakuwa ananyamaza."

Kipkemei akachutama, akachukua kijiti, akachora nzige kwenye udongo. Hakuwa mchoraji; yule nzige alifanana zaidi na kiatu. Lakini Namalwa aliponyoosha shingo na kumwona, alicheka, na kicheko kile kikageuka kati ya koo na mdomo, akajifuta macho kwa mkono wenye povu.

"Ni mdudu gani huyu?" akauliza Kipkemei. "Anamaanisha nini? Mzungu wangu anasema ni tishio."

"Tishio! Huyo si mdudu, bwana. Hilo ni jina. Yeye alizaliwa ule mwaka nzige walifunika jua, mama yetu alikuwa anawafukuza kwa debe huku tumbo linamuuma. Kwetu mtoto wa mwaka huo ni Wasike. Mimi nilizaliwa nyumbani kuna pombe, nikaitwa Namalwa. Kwani wewe waitwa nani?"

"Kipkemei."

"Maana yake?"

"Kiangazi. Nilizaliwa wakati wa kiangazi."

"Kiangazi cha njaa?"

"Cha njaa."

"Haya. Mtu akikwambia uandike jina lako bila herufi utachora nini? Si utachora udongo uliopasuka? Halafu mzungu atakuja kusema huyu mtu anataka kupasua nchi." Akaikamua ovaroli kwa nguvu hadi maji yakamrukia Kipkemei. "Mnasoma sana nyinyi. Mnasoma mpaka yasiyoandikwa."

Kipkemei akakubali lile tusi, maana lilikuwa la haki. Lakini lilikuwa limebaki lile swali kubwa, na alilisema polepole.

"Namalwa, ndugu yako alikaa na maiti. Kutoka jioni mpaka saa tano asubuhi. Peke yake, anaichora. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye akili?"

Namalwa akaiweka ovaroli chini. Akamtazama kwa mara ya kwanza, na hasira ilikuwa imemtoka.

"Ulitaka amwache?"

"Nini?"

"Nauliza, ulitaka amwache? Kwetu maiti haachwi peke yake. Hata kidogo. Watu wanajaa, moto unawashwa nje, wengine wanalia, wengine wanaimba mpaka kuche. Hata mtu mbaya kijijini anakaliwa. Sasa yule mama alikuwa na nani? Hana mtoto, hana ndugu, jirani anakuja na siagi mara moja kwa wiki. Nani angekaa naye? Wewe?"

"Lakini kuchora..." akasema Kipkemei.

"Wengine huimba," akasema Namalwa. "Wasike hajui kuimba. Sauti yake mbaya tangu zamani."

Injini ilipita, ikapiga honi, ikamwaga moshi juu ya nguo zilizokuwa zimeanikwa. Kipkemei alibaki amechutama pale. Aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu ya ile mistari sita iliyokuwa mezani kwake. Kwao mtu humheshimu maiti kwa kumwepuka. Kwa kina Wasike humheshimu kwa kukaa. Na yeye, Mwafrika aliyetumwa kuwasoma Waafrika, alikuwa karibu kumnyonga mtu kwa kosa la kufanya matanga peke yake.

"Mbona hasemi hivyo?"

"Kwa sababu alimwahidi. Mikono ya yule mama ilianza kutetemeka miaka mitatu iliyopita. Kikombe hashiki, burashi hashiki. Wasike akawa anamshikia, anaambiwa weka hapa, weka pale, mpaka akawa haambiwi tena. Wazungu wa mjini wakasifu zile picha ati Memsahib ameboreka siku hizi. Mama akaona aibu kusema ni mtumishi. Akamwambia Wasike, hata nikifa usinivue nguo mbele ya watu. Naye ni mjinga, akasema ndiyo."

"Utayasema haya kwa hakimu?"

"Nitayasema. Atamwamini dada?"

Wote wawili walijua jibu.

*

Alasiri ileile alirudi Bahati. Safari hii hakusoma nzige. Alimsoma mwanamke.

Nyuma ya kila moja ya zile kumi na moja palikuwa na tarehe kwa mwandiko wa Mama Burashi mwenyewe, mwandiko unaotetemeka kuliko wa mtoto wa darasa la kwanza. Akazipanga sakafuni kwa tarehe, kama mtu anayeanika mahindi, akatembea katikati yake taratibu. Mwaka juzi, mama ameketi wima. Mwaka jana, mkono wa kulia umefichwa chini ya shali. Januari ya mwaka huu, fimbo ya kutembelea imeegemea kiti. Aprili, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji. Mei, kidevu kina kigaga. Wasike alikuwa amechora alichoona, hakuongeza wala hakupunguza, na alichoona ni mtu anayeanguka.

Tangu Januari kila mwezi ulikuwa na picha yake; pengo lilikuwa Machi. Picha ya Machi haikuwepo. Lakini ndani ya kabati la vitabu Kipkemei akaipata, si yenyewe bali kivuli chake: kipande cha gazeti la wazungu, kimekatwa vizuri, kina picha hiyo ikiwa imeonyeshwa mjini, na tarehe juu. Chini yake bwana mmoja msomi alikuwa ameandika sifa. Kipkemei akasoma kwa shida, kidole chini ya kila neno. Huyo bwana alisema kazi hii ni ya roho iliyokomaa. Alisema watazamaji wasikose kuona kile kivuli cheusi chini ya jicho la kushoto, ambacho ndicho upweke wenyewe wa mwanamke katika nchi kubwa.

"Kivuli," akasema Kipkemei.

Akakipeleka kile kipande mlangoni kwenye mwanga. Dirisha pichani liko upande wa kushoto wa mama. Jua linampiga shavu la kushoto. Pua yake imetupa kivuli kulia, kiti kimetupa kivuli kulia, kila kitu kimetupa kivuli kulia kama inavyotakiwa. Sasa kivuli gani hiki kinachokaa upande wa jua?

Si kivuli. Ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Mwanamke alianguka Machi akaumia jicho, akaketi achorwe na uvimbe wake, siku ya maonyesho mji mzima ukapita mbele ya picha yake umeshika glasi, ukamwangalia usoni, ukasema lo, upweke ulioje! Na hakuna mmoja aliyeuliza, mama, umeanguka?

Kipkemei aliketi sakafuni katikati ya wale kina mama kumi na mmoja. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaanza kuzifunga kwa magunia.

*

Jumamosi saa nne unusu Bwana Hesketh alisimama mbele ya picha zile, mikono nyuma. Hakuwa mjinga, hilo tumpe. Alisoma tarehe. Alilinganisha doa na doa. Alisoma gazeti mara mbili, na aliposoma mara ya pili masikio yalimwiva, labda kwa sababu na yeye alikuwa miongoni mwa wale wa glasi.

"Haya, alikuwa akianguka," akasema kwa Kiingereza. "Daktari anaweza kukubali. Lakini unaniambia boyi wa jikoni ndiye aliyechora hizi. Dada yake anasema. Yeye mwenyewe hasemi. Na kama hakuchora yeye, basi sijui alikuwa akifanya nini na maiti usiku kucha, na nitarudi kwenye maelezo yangu."

"Na akisema, Bwana?"

"Kusema ni rahisi. Nataka nione. Una mpaka saa sita."

Kipkemei akaenda korokoroni na ubao, karatasi na penseli. Wasike alivitazama, akavisukuma pembeni.

"Nimeongea na dada yako," akasema Kipkemei. "Najua ahadi yako. Sikuombi uivunje kwa ajili ya shingo yako. Naona shingo yako huijali. Lakini nisikilize. Ulimwahidi kutomvua nguo mbele ya watu. Jumatatu watamvua wao. Watasema mbele ya mji mzima kwamba alikuwa akiishi kwa hofu. Kwamba kila asubuhi ukimletea chai moyo ulimdunda. Kwamba alikufa akikuogopa. Gazeti litaandika, na hivyo ndivyo atakavyokumbukwa. Je, alikuogopa?"

Wasike akatikisa kichwa. "Hapana."

"Uliona?"

"Alikuwa ananingojea, afande. Nikichelewa kutoka jikoni anagonga fimbo. Anasema, Wasike, njoo, huku kumenyamaza sana." Akajifuta uso kwa bega. "Hakuwa na mtu mwingine."

"Sasa nani atasema hivyo? Mimi sikuwepo."

Nje karani mmoja alipita akipiga mluzi. Kisha zile kucha zenye buluu zikainuka, zikachukua penseli.

"Nichore nini?"

"Chochote."

"Hapa hakuna kitu ila wewe. Kaa hapo, afande. Usigeuke."

Kipkemei akakaa kwenye benchi, kofia magotini. Nusu saa nzima alitazamwa. Ni kitu kigumu, kutazamwa. Watu mjini walimwona, naam, wakahama. Lakini macho haya yalikuja, yakakaa, yakaenda kwenye karatasi, yakarudi, na hayakumwogopa wala hayakumtaka kitu. Hajatazamwa hivyo tangu Cherono aondoke. Alitaka kukohoa, hakukohoa. Na Wasike alipokuwa akichora alikuwa akisema, maneno yakitoka yenyewe: kikombe kilichovunjika, kile kishindo cha Jumanne, jinsi alivyokuwa mwepesi alipomwinua. Kipkemei aliyashika yote kichwani ili ayaandike baadaye.

"Tayari," akasema Wasike, akamgeuzia. Kisha haraka, "Samahani, afande. Mimi nachora ninachoona."

Mtu mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi refu. Hakukaa katikati. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni, bega limegusa ukuta, na sehemu yote iliyobaki ya benchi ilikuwa tupu, imeachwa wazi kwa uangalifu, kama mtu anavyomwekea mwenzake nafasi. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili. Uso haukuwa wa huzuni. Ulikuwa wa mtu aliyezoea.

Kipkemei akatazama chini. Ni kweli, alikuwa ameketi ukingoni. Hakujua kwamba hukaa hivyo.

Angeweza kumwambia achore kitu kingine, ndoo, mlango, mkono wake mwenyewe. Muda ulikuwepo, dakika ishirini. Na hii, akiipeleka, itakuwa kielelezo. Itatiwa namba, itapita mikononi mwa makarani wote wa Nakuru, itabandikwa kwenye faili ambalo halitachomwa. Akamwambia Wasike aweke tarehe, akaichukua.

Bwana Hesketh aliipokea akaenda nayo dirishani. Akaiweka kando ya picha ya Mei, akatazama mikono hapa na mikono pale, mkunjo wa shingo hapa na pale. Saa ya ukutani ilipiga sita. Hakugeuka.

"Ni yeye," akasema mwishowe. "Mungu wangu, ni mkono uleule." Akasoma maelezo ya Wasike yaliyoambatanishwa, akaketi, akavuta ile hati ya kufuta shitaka ambayo Kipkemei alikuwa ameshaiweka tayari mezani. Kalamu mkononi, macho yakarudi kwenye karatasi ile. "Kazi nzuri sana. Ya kuhuzunisha. Huyu mtu ni nani? Mfungwa mwenzake?"

Miaka minne walikuwa wamefanya kazi kwenye chumba hicho.

"Ni mimi, Bwana," akasema Kipkemei.

Hesketh akainua kichwa. Akamtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena, sasa kwa muda mrefu, na akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Hakuliuliza. Aliinama, akatia sahihi.